Mstari Alioruka Arlette

Jua lilipochomoza walikuwa wameshaipita nyumba ya mwisho ya Lweba. Mama Pulchérie alitangulia na beseni kichwani. Ndani yake mlikuwa na sufuria mbili, mkeka na nguo zao zote. Mgongoni alimbeba Rosette, mtoto wa miaka mitatu, aliyekuwa bado na usingizi. Arlette alifuata nyuma na kuku mmoja kwapani. Siku za soko walipita barabara hiyohiyo kwenda Baraka kuuza mawese, na mama alikuwa akimsalimia kila mtu na kumtania. Leo hakumsalimia mtu. Hawakuwa wakienda sokoni. Walikuwa wamefukuzwa.

"Mama, tupumuzike kidogo?"

"Tutapumuzika ku Baraka."

Arlette alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Sababu ya kufukuzwa kwao aliijua kuliko mama yake. Hiyo ndiyo iliyomlemea, si kuku.

Baba yake, Anatole, alifariki mvua zilipoanza, kwa homa iliyocheleweshwa kutibiwa. Aliacha mke, mabinti wawili na shamba la michikichi mlimani, ambayo aliipanda mwenyewe, mmoja mmoja. Hakuacha mtoto wa kiume. Katika ukoo wao watu walizoea kusema binti ni mgeni: ataolewa, atakwenda, na udongo haumfuati. Hata matanga hayajaisha, Eugène, mdogo wa marehemu, alionekana akilipima shamba kwa hatua.

Eugène hakuwa mtu wa makelele. Jioni moja alimkuta Arlette kwenye bomba la maji.

"Mutoto wa kaka, ekzame ya sita iko karibu, ao?"

"Iko karibu, baba mudogo."

"Ni nani atakusiniya ku masomo? Baba yako iko chini ya udongo. Kidole ya mwanamuke haiandikishe mutoto. Banaombaka mwanaume wa jamaa."

Arlette hakuwahi kusikia jambo hilo. Lakini lilifanana na mengine mengi aliyokwisha kusikia juu ya wanawake, basi akaliamini.

"Mi nitasiniya," Eugène akasema. "Na we unisaidie. Kesho nitaleta kartasi. Mama yako hajue kusoma, ni we utamusomea. Iko na mistari tano. Ile ya ine, ruka."

"Inasema nini?"

"Mambo ya bakubwa. Unataka ekzame ao hautaki?"

Kesho yake Eugène alikuja na mashahidi wawili, wakakaa mbali kidogo wakizungumza habari za samaki. Arlette alisoma kwa sauti nzuri, kama darasani. Mistari mitatu ya kwanza ilisema Eugène atamsaidia mjane kukata ngazi, yaani matunda ya michikichi, na kukamua mafuta. Wa nne ulisema mjane pamoja na watoto wake wanaliacha shamba na nyumba kwa daima. Wa tano ulikuwa tarehe na mahali. Arlette alipomaliza wa tatu alivuta pumzi, akasoma tarehe.

"Ni yote?" mama akauliza.

"Ni yote, mama."

Mama akachovya kidole kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi. Hata asante alimwambia Eugène.

Wiki mbili baadaye Eugène alirudi na mtu aliyelinunua shamba. "Yenga mutoke," akasema. Yenga ni Jumapili. Na shuleni hakwenda kusaini kitu.

Huko Baraka palikuwa na biro, yaani ofisi, ya wanasheria wanawake, nyuma ya soko. Jumatatu yake walikwenda huko, wakakaa kwenye benchi ndefu kungojea zamu. Mwisho wa benchi alikaa mwanamke mrefu na binti wa umri wa Arlette. Kwa matamshi yao ilijulikana wametoka milimani, upande wa Minembwe. Mama Pulchérie akakaa mwisho wa pili. Vita vilikuwa vimeua watu wa ziwani, kama Pulchérie, na watu wa milimani, na kila upande ulikuwa umejifunza kuuogopa mwingine.

Kuku akachomoka kwapani mwa Arlette, akaenda kudonoa viatu vya yule mwanamke.

"Mama, na huyu kuku naye iko na kesi?" mwanamke akauliza.

"Si ni yeye tu walituachia," mama akajibu. Wakacheka, kisha wakaona aibu ya kucheka pamoja.

Yule mwanamke aliitwa Mukansanga, na binti yake Iriza. Mumewe alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Alipokufa, shemeji zake waliwapeleka wote malishoni kwao.

"Banasema ng'ombe haifuate sketi," Mukansanga akaeleza. "Lakini ni mi nilikuwa ninabikamua kila asubuyi! Na Iriza banataka aolewe, ili ng'ombe za mahari ziingie kwa baba zake bakubwa."

"Kwetu ni mungazi, shamba ya michikichi," mama akasema. "Mi nilizani ninyi kule juu munaheshimu bamama."

"Na mi nilizani ni ninyi kule chini!"

Mlango ukafunguliwa. Mwanasheria, Maître Émilienne, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa amesikia. "Na mi kwetu ni muji," akasema. "Bandugu zangu banavaaka kravati ku shingo. Baba yetu alipokufa, baligawanya nyumba yake mi nikiwa jikoni ninabapikia. Ingieni."

Aliisoma mara mbili nakala ya karatasi ambayo Eugène aliwaachia aliporudi na mnunuzi.

"Mama, hapa iko imeandikwa unaacha shamba kwa daima. Kidole ni yako?"

"Kidole ni yangu. Hiyo neno haiko yangu."

"Nani alikusomea?"

"Ni mutoto wangu huyu. Anasomaka muzuri. Huyu hawezi kunidanganya." Mama akafikiri, macho yakamwaka. "Eugène aliongeza mustari nyuma, mi nikiwa nimeshatia kidole! Ni ile alifanya. Andika, Maître, andika aliongeza!"

Maître akashika kalamu. "Nitaandika. Lakini ujue, mama: kama mashahidi bako na kopi yenye mustari huo huo, utaitwa mwongo mbele ya chefu, na shamba itapotea kabisa."

Arlette akawaza. Akinyamaza, labda hakuna atakayejua. Eugène hawezi kumsema bila kujisema mwenyewe. Lakini mashahidi walikuwa na nakala. Aliwaona wakiikunja na kuitia mfukoni. Mama angesimama mbele ya watu wote wa Lweba aape uongo ambao hakujua kuwa ni uongo.

"Hakuongeza," Arlette akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mustari ulikuwa pale. Niliuruka. Baba mudogo aliniambia atanisiniya ekzame."

Mama hakumpiga. Alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu aliyemwita mpita njia akidhani anamfahamu. Kisha akamfungua Rosette mgongoni, akamfunga tena, ingawa kitenge hakikuwa kimelegea.

"Andika ile anasema," akamwambia Maître.

Kesi ilisikilizwa Lweba baada ya wiki tatu, uani kwa chefu, mkuu wa eneo. Maître aliomba Arlette asome karatasi mbele ya wote.

"Leo tunasomewa na katoto ka mwanamuke?" Eugène akauliza, na watu wakacheka.

Arlette akasoma. Kwenye mstari wa nne alikosea neno. Akarudia, akaufikisha mwisho. Kisha akaeleza habari ya bomba la maji bila kujitetea.

"Bwana Eugène," Maître akasema, "ulimuambia mutoto kidole ya mama yake haiwezi kumuandikisha ku masomo?"

"Ni desturi."

"Na kidole hiyo hiyo iko na nguvu ya kutoa shamba?"

Eugène akawageukia mashahidi wake. Safari hii hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mzee aliyekaa chini karibu na ukuta akasema, "Jibu, baba, tunakungoja."

Maître akamweleza chefu kwamba sheria ya familia ya nchi haichagui: mtoto ni mtoto, wa kike au wa kiume, na wote wanamrithi mzazi wao. Mama hana ruhusa ya kutoa urithi wa watoto, na Eugène hana ruhusa ya kuuchukua kwa hila. Chefu hakufurahi. Alikuna kichwa, akaagiza shamba na nyumba virudishwe kwa watoto wa Anatole.

Wakapanda mlimani kulitazama. Michikichi ya upande wa chini, zaidi ya nusu, ilikuwa imeshakatwa. Yule mnunuzi alitaka mahali pa kuchomea matofali. Nyumba nayo ilikuwa imeezuliwa mabati. Mama alipita akigusa kisiki kimoja, kingine, kingine. Hakulia.

Jumatatu walikwenda shuleni pamoja na Maître. Mkurugenzi wa shule alisikitika sana.

"Mama, kidole yako ingetosha tangu zamani. Hapa bamama banaandikishaka batoto kila mwaka. Arlette, mbona haukuniuliza? Liste ya majina ya ekzame ilifungwa wiki iliyopita."

Arlette akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za darasa. Maître Émilienne, aliyekuwa akingojea pikipiki ya kumrudisha Baraka, akakaa kando yake.

"Maître, shamba imerudi, lakini mama hanisemeshe."

"Sitakutuliza na uongo, mutoto yangu. Mi si mama yako, na kile ulivunja sitaweza kukirudisha mbele ya chefu yeyote." Akafuta miwani. "Lakini sikiliza. Eugène hakukushinda kwa nguvu. Alikushinda kwa neno moja, eti mama yako haiko mutu mbele ya kartasi. Ungekataa lile neno, ama ungeenda tu kuuliza direktere wa shule, asingepata pa kushika. Wanaonyima mwanamuke haki yake hawafanye kazi peke yao. Banatafutaka musaada kwetu, bamama na babinti, na sisi tunabapatia kwa sababu tunaogopa. Siku ingine mutu akikuambia ruka mustari, ni ule mustari ndio unapaswa kusoma kwa nguvu."

"Na ile nilisema kweli, ilisaidia nini?"

"Ilimuokoa mama yako asiape uongo. Ile ni kitu. Haiko kitu yote, lakini ni kitu."

Pikipiki ikaja, akaondoka.

Eugène alihamia Swima, anavua huko. Akikutana na Mama Pulchérie sokoni hamsalimu. Mnunuzi alidai haki yake kwa Eugène, na kesi yao bado haijaisha. Mukansanga alishinda kesi yake kwenye karatasi, lakini shemeji zake walihamisha ng'ombe mbali zaidi, na hadi leo hajamwona hata mmoja. Anauza maziwa ya ng'ombe wa watu. Iriza hakuolewa, aliacha shule mwaka ule na sasa anajifunza kushona Baraka. Michikichi iliyobaki inatoa mafuta ya kula nyumbani tu, na miche mipya itachukua miaka kuzaa. Arlette alirudia darasa la sita. Kidole cha mama yake ndicho kilichomwandikisha, akafaulu. Rosette ameanza shule. Mama Pulchérie aliingia darasa la watu wazima kanisani. Anasoma polepole, kidole juu ya kila neno, na karatasi ikifika nyumbani hampi Arlette. Anaisoma mwenyewe.