Bushi za Pikipiki ya Trevor

Jumamosi asubuhi Leonard Pargeter alizikuta bushi mbili mpya, pete nene za chuma, zimepangwa juu ya meza yake ya kazi, ilhali jana yake alizigonga mwenyewe mpaka zikazama ndani ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Hii ilikuwa mara ya tatu. Banda lilinuka moshi wa pikipiki, na pikipiki haikuwashwa tangu ajali.

Ilikuwa ya rafiki yake Trevor, iliyoundwa mwaka wa hamsini na tisa. Hilary, mjane wake, alitaka itengenezwe ili binti yao Gemma aiendeshe kwenye msafara wa kumkumbuka baba yake. Leonard alikubali kwa mdomo tu.

Alikuwa na lake moyoni. Kiangazi kilichopita bushi za zamani zilikuwa zimelika, naye akaona uvivu kuagiza nyingine. Alikata kopo la bia, akazizungushia kipande cha bati zikaze, akamwambia Trevor mambo safi. Kwenye kona ya barabara ya Bewdley gurudumu likayumba, Trevor akaanguka akafa. Mazishini watu walisema marehemu alipenda mbio, na Leonard akaitikia kwa kichwa. Aibu hiyo ilimla mchana na usiku.

Akaziweka tena bushi kwenye friza, chini ya pakiti za njegere, ili baridi izisinyaze ziingie kwa urahisi. Alasiri akaupasha moto mkono wa chuma, akazigonga, zikakaa. Alipogeuka kufuta mikono akasikia chuma kikikwaruza chuma, polepole, harufu ya bia iliyochacha ikajaa banda, pumzi baridi ikamgusa shingoni, na alipojilazimisha kutazama akaziona bushi mpya zikitoka zenyewe, na mahali pake zikiingia zile kuukuu, zimevikwa bati lake.

Hilary akaingia na chai.

"Shemeji, Trevor hakukosea," Leonard alisema. "Ni mimi. Nilimwekea bati la kopo."

Hilary aliweka vikombe mezani. Vilikuwa vitatu.

"Najua, Len. Trevor huja kila siku saa hizi, ananieleza. Nilimsihi angoje useme mwenyewe."

"Na Gemma?"

"Gemma hapandi." Alinong'ona, macho yakiwa nyuma ya bega la Leonard. "Trevor anasema hizo kuukuu ziache humo humo, umalizie kufunga. Utaiendesha wewe mpaka ile kona, yeye atakaa nyuma."

Leonard alitaka kukataa. Lakini moyoni aliona ni haki ya mwenzake, na mkono wake ulikuwa umekwisha kushika spana.