Kigoda cha Waithera

Kila Jumapili, Waithera alienda kanisani na kigoda chake. Kilikuwa kigoda kidogo cha mbao. Alikuwa fundi cherehani huko Matisi, mjini Kitale, kwa hivyo alikivalisha kitambaa cheusi alichokishona mwenyewe. Alikiweka nyuma kabisa, karibu na mlango. Benchi zilikuwa na nafasi, lakini yeye hakukaa hapo.

Watu walisema, maana midomo haikosi kazi. "Mama Nduta na kiti chake," walicheka, wakimwita kwa jina la binti yake. Wengine walisema ni maringo. Akina mama wa chama cha akiba walimwalika mara kadhaa, kisha wakaacha. Jioni alikula peke yake, akaosha sahani moja na kikombe kimoja. Upweke ulimuuma sana.

Siri yake ilikuwa damu. Damu yake ya mwezi ilitoka kwa wingi, tena zaidi ya wiki nzima. Ilitoka na mabonge. Ilipita pedi, ikapita nguo, ikafika kwenye kiti. Alipokuwa msichana aliacha doa kwenye kochi la watu. Wenye nyumba walitazamana. Tangu siku hiyo hakukalia tena kiti cha mtu.

"Wanawake wa kwetu ndio hivyo," mama yake alimwambia. "Vumilia."

Dada yake Kabura naye alivumilia. Alipojifungua, damu haikukatika, akafariki. Watu walisema ni bahati mbaya. Waithera alimlilia, lakini binti yake Nduta alipokua na kuanza kutokwa na damu nyingi, ya mwezi na ya puani, alimwambia maneno yale yale: vumilia.

Sasa Nduta alikuwa ameolewa Sirisia, upande wa Bungoma. Alikuwa mjamzito. Siku moja alipiga simu.

"Mum, nimebakisha mwezi tu. Si ukuje basi? Mama Edinah anauliza kama unatudharau."

Mama Edinah alikuwa mama mkwe wa Nduta.

"Niko na kazi mingi," Waithera alijibu.

Kazi haikuwa sababu. Aliogopa makochi ya wakwe. Tena aliogopa, kuliko kitu kingine chochote, kwamba yaliyompata Kabura yangempata Nduta. Lakini hofu hiyo hakumwambia mtu.

Ni kweli wiki hiyo alikuwa na kazi. Muuguzi mmoja wa Kitale, Sista Gladwell, alimwagiza ashone mifuko ya mkutano. Madaktari na watafiti wa damu wangekutana katika hoteli moja mjini. Kila mfuko ulitakiwa kuwa na tone jekundu na maneno haya: Damu isiyoganda. Waithera aliyashona maneno hayo mfuko baada ya mfuko, na hakufikiri kwamba yanamhusu.

Alipopeleka mifuko, mkutano ulikuwa umeanza. Viti vya ukumbini vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe pepepe. Waithera aliviona, akasimama ukutani.

Mbele, daktari alikuwa akizungumza. "Tumezoea kusema magonjwa haya ya damu ni ya wanaume," alisema. "Wanawake tumewasahau. Wengi hawaji hospitalini. Mama alitokwa na damu hivyo, dada pia, basi wanaona ni kawaida ya ukoo wao. Wanavaa nguo nyeusi. Wanaogopa kukaa."

Waithera alihisi joto usoni. Nani amemwambia huyu mtu habari zangu? alijiuliza. Akatoka nje haraka.

Sista Gladwell alimfuata. "Mama Nduta, mbona hukukaa? Kuna viti."

"Nimezoea kusimama."

"Umezoea tangu lini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Waithera alijaribu kujibu, machozi yakamtangulia. Kisha akasimulia yote.

"Pole sana," Gladwell alisema. "Sasa sikia. Ukijikata, damu inaganda na kuziba kidonda. Ili igande, inahitaji vitu fulani ndani yake. Kuna watu wanazaliwa na upungufu wa kitu kimoja. Damu yao inakawia kuganda. Si laana, na haiambukizi. Lakini mzazi anaweza kumrithisha mtoto, awe msichana ama kijana."

"Iko na dawa?"

"Haiishi kabisa, lakini iko dawa ya kusaidia damu igande. Kwanza upimwe. Na usinunue dawa za maumivu bila kuuliza, zingine zinaongeza kutokwa na damu. Ukienda kung'oa jino, sema mapema."

"Na mjamzito?"

"Huyo ndiye wa kusema mapema zaidi. Apimwe, na azalie hospitali kubwa, dawa na damu ya kuongezewa zikiwa tayari. Ni nani mjamzito?"

Tayari Waithera alikuwa ameshika simu.

"Nduta, ile damu ya mapua bado inakusumbua?"

"Si uliniambia nivumilie?"

"Nilikosea. Nipe Mama Edinah."

Alimweleza mkwe wake kila kitu: damu, kochi, Kabura, na ushauri wa Sista Gladwell. Waithera aliona aibu mpaka akatamani kukata simu.

"Tulikuwa tumepanga azalie hapa karibu," Mama Edinah alisema. "Kesho asubuhi nampeleka hospitali kubwa ya Bungoma mimi mwenyewe."

Vipimo vilionyesha kwamba mama na binti wana shida ile ile. Waithera alianza dawa. Nduta alijifungua mtoto wa kike katika hospitali kubwa. Damu ilitaka kuzidi, lakini madaktari walikuwa wamejiandaa. Walimpa dawa, ikapungua. Walimwambia aendelee kuja kliniki, na mtoto pia apimwe.

Ndipo Waithera alipokwenda Sirisia kwa mara ya kwanza. Alifika mlangoni na kigoda mkononi.

"Hiyo ni ya nini?" Mama Edinah aliuliza.

"Ya kukalia. Nisichafue kochi yenu."

Mama Edinah alimtazama kwa huruma. "Hata ingechafuka, si tungeosha?"

Waithera alilia. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia neno dogo kama hilo. Mama Edinah akamshika mkono, akamketisha kwenye kochi, akampa mjukuu.

Aliporudi Matisi, alirudi mikono mitupu. Kigoda kilibaki Sirisia, na Mama Edinah hukikalia akimwogesha mtoto.