Zamu ya Mtu wa Nne

Harufu ya udongo uliolowa mvua ilimfikia mke wa nahodha akiwa usukanini, usiku wa sita tangu waiache nchi kavu. Akadhani ni uchovu. Kwenye boti ile ya matanga walikuwa watatu tu: yeye, mumewe, na mdogo wake wa kiume, fundi waliyemwita Redio kwa kuwa hakujua kunyamaza. Mama yao alimruhusu Redio safari baada ya dada mtu kuapa kwamba atamrudisha mzima.

Zamu walipokezana hivi: anayetoka anataja nyuzi za dira, anayeingia anazirudia, ndipo anaachiwa usukani. Saa nane mumewe akapanda, kofia ya koti imemfunika uso.

"Mia mbili na kumi, mume wangu."

Hakurudia. Mke alikuwa hoi kwa usingizi, akamwachia hivyo hivyo na kushuka.

Chini alimkuta mumewe amelala fofofo.

Akamulika upande wa pili: Redio naye yuko kitandani kwake.

"Amka," alinong'ona, akimtikisa mumewe. "Nani yuko juu?"

"Si wewe?"

"Nimekuachia wewe!"

Nahodha akaketi. "Ulimpa nyuzi?"

"Nilimpa."

"Basi tukazichukue."

Wakapanda, mke nyuma amekamata mkanda wa mumewe kwa mikono miwili, na pale usukanini wakaliona koti limesimama wima, mikono yake imejaa, linaiongoza boti vizuri kuliko yeyote kati yao, na ndani ya kofia, mahali pa uso, hapakuwa na kitu isipokuwa ile harufu ya udongo iliyowajaa puani hadi wakashindwa kupumua.

"Nimekuja kukupokea," nahodha alisema. "Nyuzi ngapi?"

"Mia mbili na kumi, mume wangu," koti likajibu kwa sauti ya mkewe.

"Mia mbili na kumi. Nimepokea."

Koti likaanguka tupu. Mke akacheka huku analia.

"Limeondoka!"

Nahodha hakucheka. Alikuwa anatazama ngazi, ambako nyayo za tope zilikuwa zinashuka moja baada ya nyingine.

"Mke wangu," alisema polepole, "anayetoka zamu huwa anakwenda wapi?"

Mke alishuka mbio, akaanguka, akainuka. Redio alikuwa ameketi kitandani, macho wazi, anamtabasamia kwa upole.

"Dada, nizimie taa nilale," alisema. "Nimekesha miaka mingi."