Uzi Mwekundu wa Madam Sulochana

Enyi mabwana na mabibi mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nami, Mola ayalinde masikio yenu, maana kisa hiki kiliingia nyumbani mwa watu kwa mlango huo. Tulieni. Nitakileta kama nilivyokipokea.

Katika nyumba moja ya Mirdif, Dubai, alifanya kazi Rispah, mama wa Kakamega mwenye sauti ya kwaya. Alimtunza Madam Sulochana, ajuza wa Kihindi aliyekuwa mwimbaji mkubwa wa raga, zile nyimbo za kale ambazo kila moja ina saa yake ya kuimbwa. Tangu akiwa na miaka tisa Madam alimbebea mwalimu wake tanpura, ala ndefu ya nyuzi nne yenye tumbo la buyu. Akaja kuimba redioni Mumbai, akaimba katika kumbi za London, na watu wakastaajabu kuwa uso ulizeeka lakini sauti haikuzeeka. Sasa kiharusi kilikuwa kimemlaza, naye alinong'ona tu.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo. Shomari, dereva wa nyumba, aliyewahi kupiga fidla katika taarabu kwao Tanga, aliigusa tanpura iliyofunikwa pembeni, akaurudisha mkono upesi.

"Dada Rispah, nani anaikaza hii?"

"Nani aikaze? Mimi napanguza vumbi tu."

"Kiyoyozi hulegeza nyuzi kila siku. Hii miezi minne haijashikwa, nayo imelingana. Halafu ina joto, kama paji la mgonjwa."

"Taarabu imekuharibu kichwa, Shomari. Peleka gari likaoshwe."

Julai ilipoingia, Madam alimwita Rispah kitandani, akamfunga uzi mwekundu mkononi, akamtia kinywani dengu mbichi na kipande cha sukari guru. Rispah akashukuru. Wajakazi wa majirani walifungwa nyuzi na kulishwa vitamu kila sikukuu ya Kihindi ilipofika, naye alidhani zamu yake imefika. Hakuuliza ni sikukuu gani.

Tangu siku hiyo, jua liliposimama utosini, nyumba ilijaa harufu ya maua yaliyooza majini, na nyuzi za tanpura zikavuma zenyewe chini ya kitambaa. Rispah alipoimba pambio jikoni, sauti yake ilitoka njiani, ikapanda pasipo yeye kupenda, ikazunguka na kuzunguka hata pumzi ikamwishia.

Mchana mmoja alimrekodia bintiye wimbo kwa simu, kama desturi yake. Carolyne alikuwa na miaka saba, akilelewa na bibi yake Kakamega. Jibu lilirudi upesi.

"Mama, nani huyo nyanya anaimba nyuma yako? Ameniambia nirudie."

Kisha mtoto akaurudia wimbo wa nyanya huyo. Hakukosea hata mzunguko mmoja wa sauti.

Rispah aliingia chumbani kwa ajuza. "Madam, umenifunga nini?"

"Uzi wa mwanafunzi," alinong'ona ajuza. "Sauti yangu ilikufa nikiwa na miaka ishirini na sita. Mwalimu wangu akanipa ya huyu aliyemkaa kooni. Nimemwimbia kila siku tangu hapo. Mwalimu hawezi kufa mpaka ampe mwingine."

"Hukuniuliza."

"Nami sikuulizwa, mwanangu."

Kabla ya alasiri Madam alikuwa amekata roho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

Shomari alimkimbiza Rispah hadi mtaa wa Naif, kwa Bi Mishi, mganga wa Mombasa aliyepanga kitanda katika chumba cha wanawake sita. Bi Mishi aliukata uzi, akafukiza ubani, akasoma, na moshi ulipomfikia Rispah kinywa chake kikafunguka kama mlango unaosukumwa kwa ndani, ikatoka sauti ambayo haikuwa yake wala ya Madam, sauti kongwe iliyopanda ngazi baada ya ngazi huku shingo ikimvimba na machozi yakimtiririka, na simu yake ikalia mapajani, Shomari akaipokea, na kutoka Kakamega mtoto wa miaka saba akasikika akiimba wimbo uleule, pumzi kwa pumzi, bila ya kufundishwa na mtu aliye hai.

Bi Mishi alimziba Rispah kinywa kwa kiganja. Kule simuni, mtoto akanyamaza.

"Umeona?" Bi Mishi alisema chini kwa chini. "Huyu hali damu wala ubani. Chakula chake sauti. Wewe ukitoa sauti, mtoto anajifunza, na akihitimu atahamia kwake. Ukifunga kinywa, atakufa njaa humo humo kooni mwako."

Rispah alinyanyua vidole vyake kuuliza: miezi? Miaka?

"Hakuna aliyerudi kuniambia."

Hakupewa nafasi ya kumuaga mwanawe. Aliandika simuni: *Mama anakupenda. Usiimbe tena wimbo ule.*

Miaka sita imepita tangu Rispah arudi Kakamega na kinywa kilichofungwa. Carolyne huimba nyimbo za shule, naye mamaye humsikiliza akiwa nje ya dirisha la darasa, na kila adhuhuri huifunga shingo yake kwa leso isionekane inavyocheza.

Aliyenipa kisa hiki kwanza ni Rispah mwenyewe. Alinipa kwa kalamu, katika daftari la bintiye, na muda wote alioandika hakukohoa hata mara moja.