Hakuuliza Mara ya Tatu

Ukumbi wa michezo ya kompyuta pale Chaharbagh, Isfahan, ulifurika siku ya mashindano, na kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kando ya kijana mrefu aliyekunja mikono ya shati lake la buluu. Mahrokh akaiweka sawa shela yake ya kijani, akakaa.

"Dada, umewahi kulinda mji uliozingirwa?" kijana huyo, Kiarash, alimuuliza.

"Nalinda jiko la mama yangu dhidi ya mashangazi saba. Wewe kalete jeshi, maneno baadaye."

Mchezo ulikuwa wa wawili wawili: mmoja abaki ndani ya kuta, ghala likipungua, mwenzake atoroke akalete askari wa msaada. Kiarash alipotokea mlimani, Mahrokh hakungoja. Alifungua lango, akawatoa wapandafarasi wake wa mwisho, adui akabanwa katikati. Mzingiro ukavunjika.

"Kumbe wewe ni hatari!"

"Na wewe umechelewa."

Wakapendana. Kila Ijumaa alasiri walicheza, kila mtu kwao, simu sikioni.

"Ini langu, ghala likoje?"

"Ngano ya siku nne, mvivu wee. Njoo!"

Mwaka wa pili Kiarash akapata nafasi ya kusoma Ujerumani. Walikaa kwenye ngazi za daraja la Khaju, mto umekauka, vikombe vya chai mikononi.

"Nisiende?"

"Aa, nenda."

"Kweli, Mahrokh, nibaki?"

"Nenda bwana, usinijali."

Kwao, kukataa mara mbili ni adabu tu. Ukweli hukaa katika jibu la tatu. Mahrokh alikuwa nalo tayari, limemjaa kinywani. Kiarash akamaliza chai yake, asiulize tena.

Akaenda. Angenipenda, angeuliza, Mahrokh alijiambia, na akaacha kupokea simu zake.

Ijumaa moja ya baridi kali, moyo ukamshinda. Akaufungua mchezo waliouacha nusu. Ghalani chakula cha siku moja. Mlimani, bendera ya Kiarash. Simu ikalia, akapokea.

"Fungua lango, ini langu."

"Miezi minane, Kiarash!"

"Si wewe uliyeniambia niende?"

"Mara mbili tu! Mbona hukuuliza ya tatu?"

Sauti ya Kiarash ikaja, imekwaruzika. "Niliogopa ungesema nenda, na ingekuwa kweli."

Mahrokh akafumba macho. "Ningesema baki."

"Basi nauliza sasa. Nirudi?"

Mahrokh alijua: masomo ndiyo yaliyomwepusha Kiarash na jeshi la lazima. Akiyaacha, watamchukua siku atakayoshuka kwenye ndege, wampeleke mpakani. Ulimi wake ulitaka kusema njoo.

"Maliza masomo."

"Hiyo ni adabu?"

"Hapana. Hii ndiyo ya tatu."

Alimsikia akilia. Naye akafungua lango, akawatoa wapandafarasi wake, wa Kiarash wakateremka mlimani, na mzingiro ukavunjika. Uwanjani farasi wao walisimama pua kwa pua, adui hayupo tena, na kati yao wawili hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.