Mluzi Uliotangulia Nyumbani

Siku hiyo mluzi ulijibiwa kabla haujapigwa.

Kinyozi alikuwa amebana midomo tu, hajatoa hata pumzi, ndege akalia kule kisiwani.

"Sifa zako zimezidi," Mwokaji akamwambia. "Sasa ndege wanakuwahi."

Walikuwa watatu, marafiki tangu enzi za kuvaa kaptula moja kwa zamu. Nahodha ndiye mwenye mashua. Mwokaji ndiye mwenye tumbo. Kinyozi alikuwa shemeji wa Nahodha, kamuolea dada yake. Kila mwaka wanazunguka visiwa vya mbali kabisa, visivyo na mtu, kuangalia wanyama. Tena si kwa kubahatisha. Kinyozi anawaita! Dunia hii haijapata kuzaa mdomo kama ule. Akipiga mluzi wa membe, wanashuka membe mpaka jua linazimika. Akimwita sili, anatoka majini dume zima, kubwa kama lori, linamkodolea macho kama mkwe.

Ila kisiwa hiki hakikuwa na kitu. Miamba mitupu, ukungu, na harufu ya nywele zilizoungua. Kinyozi akapiga wa membe, kikajibu membe. Akapiga wa mwewe, kikajibu mwewe. Ndege mwenyewe, hata unyoya.

"Shemeji, acha," Nahodha akasema. "Huyo si ndege."

"Ngoja nimpe asioujua."

Akapiga mmoja mfupi, mtamu, wenye kona mwishoni.

"Huo wa nani?" Mwokaji akauliza.

"Wa mke wangu. Nikifika mlangoni napiga huo, anafungua hata haulizi nani."

Kisiwa kikanyamaza. Halafu kikaupiga wote, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Ukapigwa tena, sasa ubavuni mwa mashua, karibu hadi Mwokaji akashika sikio lake. Ukapigwa tena upande wa pili. Na tena, mbali zaidi, ukielekea walikotoka.

Nahodha akanong'ona, "Dada yangu yuko na nani?"

"Peke yake," Kinyozi akasema.

Nahodha akaikamua ile injini mpaka ikalia kama mtoto. Simu hazishiki huko hata uzipandishe mlingotini, kwa hiyo walichokuwa nacho ni mbio tu, mbio ambazo hakuna mashua imewahi kukimbia, maji yanapasuka pande mbili kama kitambaa, na huko mbele ndani ya ukungu ule mluzi unalia, unanyamaza, unalia, kila mara umetangulia kidogo zaidi, na kila ukipigwa Kinyozi anamtaja mkewe kwa jina lao la chumbani, "Usifungue, mama, usifungue," kwa sauti ya chini mno hata Mwokaji aliyemshika mkono alikuwa anaisikia kwa shida.

Walifika jioni. Mlango wa mbele umefungwa. Kinyozi akaupiga kwa viganja.

"Mke wangu! Ni mimi!"

"Nyamaza," mkewe akajibu kwa ndani, sauti imekauka. "Hata huyo wa mlango wa uani anasema yeye ndiye mume wangu. Anakohoa kama wewe. Kataja na jina unaloniita tukizima taa."

"Dada, usifungue kokote," Nahodha akasema.

"Kaka, na wewe uko kule nyuma. Unaniambia nifungue."

Wanaume wakatazamana. Uliotangulia ni mluzi tu; kile kitu chenyewe kilikuwa nao mashuani muda wote. Kilisikia kila neno.

"Pitisha vidole chini ya mlango," yule mama akasema. "Na wa uani naye apitishe."

Kinyozi akalala kifudifudi, akapenyeza. Mkewe akavipapasa, akafika kwenye kovu la wembe la kidole cha shahada, akakaa hapo. Kisha wakasikia miguu yake ikienda uani, ikasimama, na ukapita muda ambao Mwokaji, mtu asiyejua kunyamaza hata akila, hakumeza mate.

"Vimelowa," alisema kule ndani, polepole. "Na bado vinaingia. Haviishi."

Ndipo wakasikia birika la maji ya moto likimwagwa lote. Mlio uliotoka pale haujatoka kooni mwa kiumbe tangu dunia iumbwe: wa membe, wa sili, wa Nahodha na wa Mwokaji kwa pamoja, ukapaa juu ya paa ukaishia baharini, nyumba ikabaki inanuka nywele zilizoungua.

Tangu hapo nyumba ile haingii mtu kwa sauti. Vidole kwanza. Wageni wanacheka, wanainama, wanapitisha. Mwokaji akienda analalamika, "Shemeji, tumbo hili litainama vipi?" lakini anainama. Na Kinyozi mluzi kauacha, hata wa kumwita paka.

Juzi walikuwa mezani, mke na mume, wanakula. Mlango ukagongwa. Halikusemwa neno. Vidole vikapita chini, vikavu, vitano tu. Mama akachuchumaa, akavipapasa, akafika kwenye cha shahada.

Kovu la wembe.

Aliinua uso, akamtazama aliyekaa mezani, mdomo umejaa chakula, anamtabasamia. Kisha mkono wa mama, taratibu sana, ukaanza kutafuta komeo.