Kichwa Kilichogeuzwa

Walikutana kwa kugombana, na mapenzi yaliyoanza hivyo hayajui kunong'ona. Duka la vyombo vya muziki lilifurika Jumamosi ile. Pakiti ya nyuzi ilibaki moja. Mikono miwili ikaidaka.

"Achia, kaka!"

"Achia wewe. Mimi fundi wa magitaa."

"Na mimi mpigaji. Fundi bila mpigaji ni seremala tu!"

Dada huyo alivaa gauni la njano na viatu vya kiume, kucha ndefu kama paka mwenye kesi. Fundi akaachia pakiti, na moyo ukaenda nayo. Akamwita Kucha. Naye akaitwa Randa, kwa maranda yaliyojaa nywele zake. Mwaka mzima simu zao hazikupoa.

Siku shingo ya gitaa la Kucha ilipopasuka, Randa akasema, "Niachie mimi, mpenzi. Nakuchongea mpya."

Ijumaa bendi kubwa ilikuwa inajaribu wapigaji watano kwa nafasi moja. Randa akafika ukumbini Kucha ameshaitwa, akamsukumia begi la gitaa. Kucha akalifungua jukwaani. Lo! Kichwa cha gitaa kimegeuzwa! Funguo za kukazia nyuzi, zilizozoea kukaa juu, zinatazama sakafu; ncha imechomoza juu kama pembe ya mbuzi mshari. Watu wakacheka.

Akapiga hivyo hivyo. Wimbo wa pili, uzi mnene ukalegea. Mkono, bila kuyauliza macho, ukaenda kwenye ufunguo wa karibu na shingo, ulikokaa uzi mnene miaka yote. Sasa hapo palikuwa pa uzi mwembamba. Akakaza. Akakaza tena. Paa! Uzi ukakatika, ukamchapa shavuni. Nafasi akapewa mwingine.

Randa akapiga simu mara saba. Ya nane ikapokelewa.

"Kucha wangu..."

"Kucha wako? Kucha utazikuta usoni!"

Asubuhi Kucha akapanda ngazi za karakana ya Randa mbili mbili, gitaa mkononi kama rungu.

"Nani alikutuma ugeuze kichwa? Nani?"

"Vidole vyako," Randa akasema, macho chini. "Kila ukiusukuma uzi mwembamba ulie, unakunja uso. Kichwa kikigeuka, kile kipande cha uzi kinachokwenda kwenye ufunguo kinakuwa kifupi. Ukisukuma kidogo tu, sauti inapanda unapotaka."

Akafunga uzi mpya. Kucha akausukuma. Ukalia kama mtoto aliyenyimwa titi, na uso wake haukukunjika. Hapo ndipo alipokasirika hasa.

"Ni tamu! Tamu, mjinga wewe! Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza! Kazi imekwenda, shavu limevimba!"

Randa akanyosha mkono kwenye kichwa cha gitaa. "Nikirudishe kama zamani?"

"Ukikigusa nakuvunja mkono! Na mwaka mzima ndiyo kwanza unaniuliza kitu."

"Basi nina swali la pili. Utakubali nikuoe?"

Kucha akapiga uzi mnene. Ulikuwa umelegea tena. Mkono ukaanza kwenda karibu na shingo, ukasita, ukasogea hadi ufunguo wa mwisho kule nchani. Akaukaza taratibu, mpaka uzi ukakaa sawa.

"Ndiyo," akasema. "Na usinichekee. Bado nimekasirika."